Bendera mwilini: maandalizi ya Siku ya Utamaduni shuleni

Walimu, tangazo lenu lieleweke. Vazi la asili ni jambo moja, rangi za taifa ni jambo jingine. Mzazi asipofafanuliwa, mmoja atamvisha mwanawe lubega, mwingine fulana ya bendera, na wote watakuwa wametii. Mtoto asirudishwe getini kwa kuvaa bendera ya nchi yake. Aibu ile haimtoki upesi.

Mnaoshonesha, mwonyesheni fundi mpangilio kabla hajashika mkasi. Kwenye bendera ya Tanzania, kijani iko juu upande wa mlingoti, buluu iko chini upande wa pili, na mkanda mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka chini kushoto hadi juu kulia. Ni rahisi kitambaa kugeuzwa na buluu ikakaa juu. Mwelezeni mtoto pia kwamba buluu hiyo ilitoka kwenye bendera ya Zanzibar, nchi mbili zilipoungana mwaka 1964. Zanzibar nayo ina bendera yake ya sasa tangu 2005, yenye ile ya Muungano kwenye kona.

Bendera halisi isikatwe sketi wala kufungwa kiunoni. Nunueni kitambaa cha rangi zake. Pesa ikiwa haba, utepe wa rangi nne mkononi unatosha kabisa.

Mtoto wa baba Mrundi na mama Mtanzania asilazimishwe kuchagua. Avae kanga ya mama na skafu ya bendera ya Burundi, kisha apewe dakika chache awaeleze wenzake.