Meza ya Jikoni ya Epoksi: Kukauka Si Kukomaa

Bila shaka umewahi kuiona hapa Eldoret meza ya mbao iliyomwagiwa dawa ing'aayo kama kioo. Dawa hiyo huitwa epoksi. Wengi sasa huitaka jikoni kwa sababu haipenyezi maji wala mafuta. Je, ni salama kwa chakula?

Ni salama endapo imechaguliwa vyema na imekomaa kabisa. Epoksi huja katika mikebe miwili: utomvu na kigandishi. Kabla ya kuungana, vyote viwili huweza kuwasha ngozi, kuleta mzio na kudhuru macho. Vikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe, huwa kitu kimoja kigumu. Kipimo kikikosewa, kemikali iliyobaki huweza kuingia katika chakula. Kwa hivyo, fundi asiongeze kigandishi eti ikauke upesi.

Unaponunua, soma maandishi. "Haina sumu" hayatoshi. Tafuta yasemayo kwamba epoksi hiyo yafaa kugusa chakula ikishakomaa. Kwa zile za Marekani, kanuni inayotajwa aghalabu ni ya 175.300. Epoksi nyingi hutengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya, mnamo Desemba 2024, ulipitisha kanuni ya kuipiga marufuku katika vitu vingi vinavyogusa chakula. Usitie rangi wala unga wa kumetameta ambao mtengenezaji hakuuruhusu.

Sasa tukumbuke baridi yetu. Eldoret iko yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni wa kujifunika blanketi mbili. Epoksi nyingi huhitaji siku 7 hivi kukomaa katika joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Penye baridi, huhitaji siku zaidi. Meza yaweza kuwa kavu kwa kidole ilhali ndani haijakomaa. Ukucha ukiacha alama, au ukisikia harufu ya dawa, ngoja. Hata usipoziona dalili hizo, timiza siku zilizoandikwa, kisha ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu.

Wakati wa kazi, fungua madirisha, vaa glavu, na uwaweke watoto mbali. Anayepiga msasa afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake hudhuru. Epoksi ikimwagikia ngozi, osha kwa sabuni na maji, si kwa thina.

Baadaye, usitue sufuria ya ugali moja kwa moja juu ya meza hiyo. Epoksi nyingi hulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60. Wala usikatie sukuma wiki juu yake. Tumia ubao, kwa maana mikwaruzo ya kisu huficha uchafu na kubandua vipande.

Fundi akikuambia meza iliyomwagwa jana iko tayari leo, mwambie utangoja. Subira yavuta heri.