Kuchagua Kisanduku cha Runinga cha Bei Nafuu kwa Michezo ya Kompyuta

Visanduku vidogo vinavyounganishwa na runinga vimejaa katika maduka ya vifaa vya elektroniki, kuanzia Kariakoo hadi mitaa ya mikoani. Baadhi huuzwa kwa ahadi kwamba vitacheza michezo yote ya kompyuta. Katika somo hili tunaeleza ahadi hiyo ina ukweli kiasi gani, na mambo ambayo mnunuzi mwenye bajeti ndogo anapaswa kuyachunguza kabla ya kutoa fedha.

Kisanduku hufanya kazi gani?

Kisanduku cha runinga si kompyuta yenye uwezo wa kuendesha michezo hiyo. Mchezo huendeshwa na kompyuta yenye uwezo, iliyo mahali pengine. Kompyuta hiyo huibana picha na kuituma kupitia mtandao. Kisanduku huipokea, huifungua na kuionyesha kwenye runinga. Amri za mchezaji husafiri njia hiyo hiyo kurudi kwenye kompyuta.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo mawili. Kwanza, asiye na kompyuta wala huduma ya mtandaoni ya michezo hatacheza michezo hiyo, hata akinunua kisanduku cha bei ya juu. Pili, kwa kuwa kazi nzito haifanywi na kisanduku, si lazima kulipia hifadhi kubwa inayotangazwa kwenye boksi. Hifadhi haiongezi ubora wa picha inayotoka kwenye kompyuta.

Njia mbili za kucheza

Njia ya kwanza ni kutumia kompyuta yako mwenyewe iliyo nyumbani. Programu za Steam Link na Moonlight hupatikana bila malipo kwa visanduku vya Android TV. Anayetumia Moonlight huweka pia kwenye kompyuta programu ya Sunshine, nayo ni ya bure. Picha hupita kwenye ruta ya nyumbani tu, hivyo kifurushi chako cha intaneti hakitumiki kuisafirisha.

Njia ya pili ni kukodi kompyuta ya kampuni iliyo mbali, kama ilivyo kwa huduma ya GeForce NOW. Hapa tunakusihi upige hesabu kwanza. Huduma hiyo huhitaji walau megabiti 25 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 1080p. Kasi hiyo ikitumika saa nzima, hufikia takribani GB 11. Mtoto akicheza saa mbili kila siku, familia inaweza kutumia zaidi ya GB 600 kwa mwezi.

Umbali nao una gharama yake. Mwanga ndani ya nyaya za mtandao huchukua takribani milisekunde 1 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 100. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kilomita zipatazo 7,500 kwa mstari ulionyooka. Hivyo milisekunde 75 hupotea njiani hata mtandao ukiwa safi. GeForce NOW hutaka ucheleweshaji usizidi milisekunde 80. Kwa mchezo wa mpira au wa kulenga shabaha, mchezaji atabonyeza na kuona matokeo yamechelewa. Kwa sababu hiyo, aliye mbali na mitambo ya huduma hizi atafaidika zaidi na njia ya kwanza.

Mambo ya kuchunguza dukani

(a) Mtandao. Chagua kisanduku chenye tundu la waya wa mtandao. Tundu la megabiti 100 kwa sekunde linatosha, kwa kuwa picha ya 1080p huhitaji takribani megabiti 20. Ukilazimika kutumia Wi-Fi, hakikisha kisanduku na ruta vyote vina masafa ya 5 GHz, kwani ya 2.4 GHz mara nyingi husongwa na vifaa vya majirani.

(b) Kufungua picha. Kisanduku kiwe na uwezo wa kufungua picha za mifumo ya H.264 na HEVC kwa kasi ya picha 60 kwa sekunde.

(c) Pedi. Kiwe na Bluetooth au tundu la USB, na ujaribu pedi yako hapo hapo dukani.

(d) Kutofungwa na huduma moja. Google ilifunga huduma yake ya Stadia Januari 2023. Kifaa kinachokubali programu nyingi hubaki na manufaa hata huduma moja ikifa.

Bei ndogo yenye hatari kubwa

Juni 2025, idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa uhalifu uitwao BADBOX 2.0. Vifaa vya nyumbani, vikiwemo visanduku vya runinga, vilikutwa na programu hasidi. Vingine huambukizwa kabla ya kununuliwa. Vingine wakati mtumiaji anapopakua programu za kuvianzisha. Wahalifu hupitia intaneti ya mwenye nyumba, na maovu yao yakaonekana yametoka kwake.

Usinunue kisanduku chenye chapa isiyojulikana, kinachoahidi filamu na mechi za kulipia bila malipo, au kinachokutaka uzime ulinzi wa Google Play Protect. Nunua kilichoidhinishwa na Google, au cha kampuni inayojulikana na inayoendelea kutoa masasisho.

Kabla ya kulipa

1. Kompyuta na runinga zikiwa chumba kimoja, nunua waya wa HDMI. Gharama yake ni ndogo, na picha haicheleweshwi na mtandao.

2. Runinga yako ikiwa ya Android TV, weka Steam Link ndani yake. Huenda huhitaji kisanduku kabisa.

3. Jaribu kwanza kwa simu ya Android uliyo nayo. Weka Steam Link, simama karibu na runinga, kisha cheza. Picha ikikatakata, shida huenda iko kwenye mtandao wa nyumbani, na kisanduku kipya hakitaiondoa.

4. Washa hali ya mchezo kwenye runinga ili kupunguza ucheleweshaji.

5. Mtake muuzaji akiwashe kisanduku mbele yako, na maelezo yake yaandikwe pamoja na muda wa dhamana. Dai risiti ya EFD na uitunze.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Kifaa kisipofanya kile ulichoahidiwa, kirudishe mapema ukiwa na risiti na maandishi hayo. Bila ushahidi huo, madai yako yatakuwa magumu kuthibitishwa.