Somo: Matawi ya Mitende



Kila Jumapili ya Mitende twapewa msalaba wa jani la mtende. Tutazame desturi hii yatoka wapi, na msalaba ule tukifika nao nyumbani twaufanyia nini.

Fungueni kwanza Injili zote nne. Mathayo (21:8) na Marko (11:8) wataja matawi. Luka (19:36) ataja nguo tu zilizotandazwa njiani. Ni Yohana peke yake (12:13) atajaye mitende.

Wakristo wa Yerusalemu walianza mapema kuifuata njia ile ile. Mwanamke mmoja, Egeria, aliyehiji huko katika miaka ya 380, aliandika aliyoyaona. Watu walikusanyika Mlima wa Mizeituni tangu saa saba mchana, wakiimba na kusomewa Maandiko. Ilipofika saa kumi na moja (nao walihesabu saa kama sisi, tangu kucha) ilisomwa Injili ya siku ile, kisha wote wakashuka mjini kwa miguu, wakimtangulia askofu. Hata watoto wasioweza kutembea walibebwa mabegani, wameshika tawi la mtende au la mzeituni.

Desturi ilipofika nchi za baridi, mitende haikuwako, na wakati huo wa mwaka miti mingi huko ndiyo kwanza yaanza kuchipua. Warusi wakachukua mierebi, mti utajwao katika Walawi 23:40, na hata leo siku hiyo huiita Jumapili ya Mierebi. Huko Uingereza kubariki matawi kulikatazwa mwaka 1548, na Kitabu cha Sala cha 1662 chaitaja tu kuwa Jumapili iliyo kabla ya Pasaka. Baadaye matawi yalirudi. Tena tangu miaka ya 1960 misalaba iliyosukwa na wanakijiji wa Masasi, kusini mwa Tanzania, imepelekwa kwa makanisa ya Uingereza na Marekani. Waliotuletea Kitabu cha Sala wakapokea mitende kutoka kwetu!

Sasa tuseme wazi jambo linalotusumbua. Wako miongoni mwetu waufungao msalaba huo juu ya mlango ili wachawi wasiingie, au wamvishao mtoto mgonjwa shingoni. Hiyo ni hirizi, ijapokuwa imetoka kanisani. Yeye aliyepokewa kwa matawi hakukingwa nayo. Siku ya tano yake alisulubiwa. Ndiyo maana baada ya maandamano twasoma habari yote ya Mateso, na wanaolalamika kwamba ni ndefu wavumilie.

Uwekeni msalaba mahali mnaposalia, mkaukumbuke Mji ule na Ijumaa ile. Mtoto akiugua, mwombeeni, kisha mpelekeni zahanati. Nayo misalaba ya mwaka jana isitupwe jalalani. Irudisheni kanisani kabla ya Kwaresima, ichomwe, tupate majivu ya Jumatano ya Majivu.