Mganga, Kiti na Mteja: Mwanamke katika Uhudumu wa Dini za Jadi za Pwani

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuchunguza namna Kiswahili kinavyomtaja, na mara nyingine kinavyomsitiri, mwanamke anayehudumu katika dini za jadi za pwani ya Kenya. Tunaanzia Mtopanga, mojawapo ya wadi za Kisauni, Mombasa, ambako Wamijikenda, Waswahili na watu waliohamia kutoka pembe nyingine za nchi huishi ukuta kwa ukuta. Katika mtaa kama huo, cheo cha dini huambatana na jengo: imamu na msikiti wake, mchungaji na kanisa lake. Mtafiti akiuliza kasisi wa dini ya jadi ni nani, huenda asioneshwe mtu. Lakini akiuliza ni nani huagua, ni nani hupunga pepo na ni nani hutambika, wanawake wataanza kuonekana. Hoja yetu ni kwamba uhudumu wa mwanamke katika dini za jadi umehifadhiwa katika vitenzi zaidi kuliko katika majina ya vyeo.

Vyeo vya Kupokea na Vitenzi vya Kwetu

Majina mengi ya viongozi wa dini katika Kiswahili ni ya mkopo. Maneno 'imamu', 'sheikhe' na 'kasisi' yametoka katika Kiarabu, 'padri' katika Kireno, nalo 'askofu' lilitufikia kupitia Kiarabu ingawa chimbuko lake ni Kigiriki. Maneno hayo yalikuja yakiwa yamekwisha kufungamana na vyeo vilivyoshikwa na wanaume. Kwa upande mwingine, 'mganga' latokana na kuganga, 'mwaguzi' na kuagua, na 'mtambikaji' na kutambika. Yote yamo katika ngeli ya A-WA, ambayo haibagui mume na mke. Hali hii ina faida, kwa maana hakuna kizuizi cha kimofolojia kwa mwanamke. Ina hasara pia: msomaji anapokutana na 'mganga' katika riwaya au ripoti, aghalabu humdhania mwanamume hadi aelezwe vinginevyo.

Hata hivyo, tusiitwike sarufi mzigo usio wake. Neno 'askofu' nalo halibagui jinsia, ilhali Kanisa la Anglikana la Kenya lilimpata mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi, Rose Okeno wa Butere, mwaka 2021. Kilichobadilika ni uamuzi wa taasisi. Neno lilibaki lile lile. Dini za jadi hazina sinodi ya kupitisha uamuzi kama huo. Basi mwanamke hupataje mamlaka ndani yake?

Kutoka Uteja hadi Uganga

Katika ngoma za pepo za mwambao, kuanzia Mombasa hadi Unguja na Pemba, njia ya kuufikia uongozi wa kilinge huanza kwa maradhi. Mganga hutambua aina ya pepo, hufukiza ubani na kuitisha ngoma. Pepo naye hupanda, akataja jina lake na matakwa yake. Mgonjwa huitwa 'kiti', kwa kuwa pepo amemkalia. Anapoyafuata masharti ya mganga, huwa mteja wake. Neno 'mteja', ambalo leo twalisikia dukani na benkini, zamani lilimhusu hasa mtu aliyetibiwa na mganga. Baadhi ya wateja, baada ya miaka ya kusaidia kilingeni, huwa waganga wao wenyewe.

Kwa kuwa viti walio wengi ni wanawake, njia hii imewafikisha wanawake wengi katika uganga. Kule Unguja, kwa mfano, kibuki, ngoma ya pepo wanaonasibishwa na Bukini, yaani Madagaska, ni uwanja wa wanawake kwa kiasi kikubwa. Ni dhahiri kwamba istilahi hizi tatu, kiti, mteja na mganga, ni hatua za safari moja. Kamusi inayozieleza mbalimbali bila kuonesha uhusiano wake humficha yule anayezipitia.

Mekatilili na Kulisha Kiapo

Mfano wa pili watoka kwa Wagiriama. Baraza la wazee wa kaya lilikuwa la wanaume. Mnyazi wa Menza, aliyejulikana kama Mekatilili, yaani 'mama yake Katilili', hakuwa na kiti katika baraza hilo. Alikuwa mjane. Mwaka 1913, Waingereza walipodai kodi na vijana wa kufanya kazi, alizunguka akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu. Katika Kaya Fungo vikaliwa viapo viwili vya kupinga serikali: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Oktoba mwaka huo alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 walitoroka na kurejea kwa miguu. Mnamo Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti.

Tukimtafutia Mekatilili cheo cha ukuhani tutakikosa. Tukitazama alichokitenda, tutamwona akisimamia jambo zito kabisa katika imani ya watu wake: kuwafunga kwa kiapo. Kilichoitisha serikali hata ikapeleka baruti msituni ni kiapo hicho.

Mganga si Mchawi

Suala hili halikomei katika nadharia. Kiingereza cha wakoloni kilimpa mganga jina lililounganisha 'mchawi' na 'daktari', na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ikamhukumu chini ya kichwa hicho hicho. Katika Kiswahili, mganga na mchawi ni mahasimu: mmoja hufunga, mwingine hufungua. Mahali tofauti hiyo inapofutika, watu hufa. Katika Kaunti ya Kilifi wazee, wake kwa waume, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kituo cha Kaya Godoma kule Ganze kimewahifadhi walionusurika. Bibi anayejua mizizi na matambiko anaweza kuitwa mganga asubuhi na mchawi jioni. Mfasiri au mwandishi anayeyatumia maneno haya kiholela huusaidia mkanganyiko huo.

Hitimisho

Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Msamiati wa wanawake wanaohudumu ndani na nje ya misitu hiyo haujapata hifadhi ya namna hiyo, na kazi hiyo yatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tunapendekeza mambo matatu: watafiti waulize kuhusu vitendo kabla ya vyeo, wanakamusi waoneshe uhusiano wa istilahi za kilingeni, na wahakiki wanaposoma 'mganga' katika kazi ya fasihi wathibitishe jinsia yake katika matini badala ya kuikisia. Wanawake wazee wenye maneno haya wako Mtopanga na Kaloleni, na umri wao haungoji tasnifu zetu.