Kutu ya Shaba katika Koki za Maji

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 ili kuwapokea wakimbizi kutoka Zaire, nchi ambayo leo ni Kongo. Maji ya kambini huchotwa katika mabomba ya pamoja. Koki moja ikivunjika, ndoo nyingi hukosa maji.

Koki nyingi za maji hutengenezwa kwa shaba njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Shaba nyekundu ikikutana na hewa hujifunika utando wa oksaidi, ambao mwanzoni huwa na unene wa nanomita chache tu. Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Utando huo hushikamana na metali na kuikinga, tofauti na kutu ya chuma, ambayo hubanduka na kuacha chuma kikiendelea kuliwa.

Shaba njano ina udhaifu wake. Zinki ikizidi sehemu 15 katika 100, maji yaliyotuama, hasa yenye chumvi, huweza kuiondoa polepole na kuacha shaba yenye vitundu kama sifongo. Umbo la koki hubaki vilevile, lakini nguvu yake imekwisha. Dalili ni mabaka mekundu juu ya manjano. Fundi ayaonapo, na aibadilishe koki hiyo mapema.