Nani Atamwagilia Miche Mwezi wa Februari?
Somo kwa vikundi vya kujitolea vinavyotunza kingo za mto na maeneo ya wazi Naro Moru

Siku za kupanda miti hazijatupungukia. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko nchini ili kila Mkenya apate nafasi ya kushika jembe na mche, na tarehe 10 Mei 2024 ikatengwa tena kwa kazi hiyo hiyo. Serikali ya kitaifa imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Tathmini ya rasilimali za misitu ya mwaka 2021 ilikuwa imeweka kiwango hicho kuwa asilimia 12.13. Kwa hivyo miche itazidi kuja, na hotuba pamoja nayo.

Somo hili linamhusu yule anayebaki baada ya viti na hema kuondolewa. Sisi wa idara ya habari huitwa siku ya kupanda. Ni nadra sana kuitwa siku ya kumwagilia maji, ingawa kwa maoni yangu picha ya mama aliyebeba mtungi wa lita 20 kuelekea kwenye miche wakati wa kiangazi ingeeleza zaidi kuliko picha ya kiongozi na mche mmoja.

Tuanze na mahali tulipo. Naro Moru iko upande wa magharibi wa Mlima Kenya, ule upande ambao mvua hufika ikiwa imepungua nguvu. Mtu wa Othaya au Mukurwe-ini anaweza kupanda mche Aprili akausahau na bado akaukuta hai Krismasi. Mtu wa Kieni hawezi. Mvua zetu kubwa huanza mwishoni mwa Machi hadi Mei, na zile fupi Oktoba hadi Disemba. Januari na Februari jua ni kali mchana, na alfajiri huja jalidi, ile baridi inayoacha weupe juu ya nyasi na kuunguza majani machanga. Mche uliopandwa Novemba hukutana na haya yote ukiwa na miezi miwili au mitatu ardhini.

Tena tuna mto mmoja ambao kila mtu anauhitaji. Mto Naro Moru unaanzia juu mlimani, katika bonde la Teleki chini ya barafu ya Lewis, unashuka kupitia msituni, unapita mjini na mashambani, kisha unaingia Ewaso Ng'iro na kuelekea kaskazini, ambako wafugaji na wanyama wa porini wanausubiri. Maji tunayoyachota hapa yana mwenyewe kule chini. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa umeshuka na mifereji na mabomba yote yakivuta, ndipo miche nayo inadai kiu yake. Kikundi kisichofikiria jambo hili kabla ya kuchimba mashimo kinapanda kuni.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kikundi chenu kina watu kumi na mmepewa miche 200. Mkiamua kila mche upate lita 5 kwa wiki wakati wa ukame, mnahitaji lita 1,000 kila wiki. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20, yaani mitungi mitano kwa kila mwanachama, kila wiki, kwa wiki nane au kumi mfululizo. Na watu kumi walioandikwa daftarini huwa wanafika sita. Mkipunguza miche hadi 60, kazi inashuka hadi mitungi 15, ambayo watu sita wanaweza kuimaliza Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Kwa hivyo mtu akija na lori la miche 1,000, si utovu wa adabu kumwambia asante, tutachukua 60 mwaka huu, iliyobaki wapeni shule na mashamba ya watu.

Maji hayo pia yanaweza kuokolewa. Chimbeni shimo pana kuliko mche unavyoonekana kuhitaji, kiasi cha futi mbili kwenda chini na upana kama huo, mkitenga udongo wa juu na ule wa chini. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri urudishwe kwanza, karibu na mizizi. Acheni bonde dogo kuzunguka mche ili mvua ikinyesha maji yasimame hapo. Kisha tandazeni nyasi kavu au mabua ya mahindi, lakini yasiguse shina, kwa sababu mchwa watafuata. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kuchomekwa kando ya mche hudondosha maji polepole. Mjini na mashambani inafaa, mradi muiondoe baadaye. Ndani ya mbuga na misitu ya hifadhi msiipeleke, kwa maana plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku huko tangu tarehe 5 Juni 2020.

Sasa swali la mti gani. Mikaratusi inakua haraka na miche yake haikosekani, lakini kando ya mto si mahali pake. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyokuwa kwenye vyanzo vya maji ing'olewe, na wengi walinung'unika kwa sababu ilikuwa pesa zao za nguzo na mbao. Wacha ikae kwenye shamba la mtu, mbali na mto. Ukingoni tafuteni miti ya kwetu. Mutarakwa na mutamaiyu hukua polepole lakini huvumilia ukavu wa Kieni. Muiri pia ni wetu, ingawa gome lake linatafutwa kwa dawa na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, kwa hivyo mkiupanda mkubaliane mapema kwamba hakuna wa kuubandua. Mugumo mkiukuta, uacheni ulipo. Hakuna mzee wa hapa anayehitaji kuelezwa sababu. Na msidharau nyasi. Udongo wa ukingo hushikwa na nyasi na vichaka kabla miti haijapata nguvu, na kikundi kinachofyeka ukingo wote uwe safi kama uwanja wa shule kinausaidia mto kubeba udongo.

Jambo la ardhi halina mchezo. Kabla ya kuweka jembe chini, jueni mnasimama juu ya ardhi ya nani. Kwa Katiba, mito ni ardhi ya umma. Maeneo ya wazi ya mjini yaliyo ardhi ya umma chini ya kaunti yanashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo huisimamia ardhi hiyo. Bustani na maeneo ya burudani ni miongoni mwa kazi ambazo Jedwali la Nne limezipa kaunti. Ukingo wa mto una kanuni zake: kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa angalau mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, hata pale ambapo shamba la mtu linafika majini. Mwenye shamba bado ni mwenye shamba, ila kulima na kujenga ndani ya ukanda huo kuna mipaka. Kwa sababu hiyo kikundi kisiingie kwa mtu kwa mabavu kikitaja sheria. Keti naye kwanza. Mara nyingi atakubali akiona hamtaki shamba lake bali mnataka lisiliwe na mto.

Kwa eneo la wazi la mjini, nendeni kwa msimamizi wa wadi mwombe kuoneshwa eneo hilo kwenye ramani ya mji, kisha ombeni idhini kwa barua na mhifadhi nakala. Karatasi hiyo inaonekana ndogo hadi siku mtu atakapokuja na mabati na hati. Nchi hii ina kumbukumbu ya mambo hayo. Mwaka 1989 Uhuru Park ilinusurika kujengwa jumba refu, na mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai, binti wa Ihithe hapa kwetu Tetu, alijeruhiwa akitetea Msitu wa Karura uliokuwa umegawiwa watu binafsi. Leo Karura ina chama cha jamii, Friends of Karura, kilichoanzishwa mwaka 2009, kinachousimamia pamoja na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya.

Kuna funzo lingine kwa Profesa Maathai ambalo husahaulika tunapotaja Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Miti ya kwanza ya lile vuguvugu lililokuja kuitwa Green Belt ilikuwa saba tu, iliyopandwa Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, na mingi kati yake haikudumu. Baadaye vuguvugu lilipokua, wanawake wa vikundi walilipwa pesa kidogo kwa mche ulioshika na kuishi. Malipo yalikuwa ya senti, lakini yalilipia jambo sahihi. Kikundi chochote Naro Moru kinaweza kuiga hilo hata bila pesa: andikeni daftarini miche iliyo hai, mhesabu upya kila mwezi. Idadi iliyopandwa iandikeni mara moja tu, kisha msiirudie kwenye ripoti kana kwamba ni mafanikio.

Hapa tunafika kwa watu, na watu ni wagumu kuliko miti. Wazee wetu walikuwa na ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na asiyekuja kwa mwenzake atalima peke yake. Ngwatio inajilinda yenyewe kwa sababu zamu inarudi kwa kila mmoja. Ukingo wa mto hauna zamu ya kurudi. Nikikosa Jumamosi, shamba langu halipati hasara, mto hausemi, na mwenzangu anabeba mitungi yangu. Baada ya miezi mitatu yule anayebeba anachoka, na kikundi kinakufa bila ugomvi wowote.

Mwanazuoni wa Marekani Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaotumia maji, malisho na misitu kwa pamoja, kuanzia Nepal na Ufilipino hadi Uhispania na Uswisi. Aliona kuwa vikundi vilivyodumu vilijua mpaka wa eneo lao na nani mwanachama, vilitunga kanuni vyenyewe, vilikuwa na walinzi kutoka miongoni mwao, na adhabu zao zilianza ndogo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonivutia. Faini ya kwanza ya shilingi 50 na maneno ya upole humrudisha mtu. Kumfukuza siku ya kwanza kunampa kikundi adui anayeishi jirani.

Kwa hivyo gawaneni ukingo vipande, kila kipande na familia mbili zinazokijua, badala ya wote kuwajibika kwa wote. Wekeni zamu ya Februari mwezi wa Oktoba, kabla ya kupanda, na asiyeweza aseme wakati huo. Vijana wa bodaboda mkiwapata wabebe maji mara moja kwa wiki, mmeondoa nusu ya mzigo. Mkiwa na pesa, hata za chai, ziwe na mweka hazina na daftari linaloweza kusomwa na yeyote.

Mifugo itakuja. Mbuzi mmoja humaliza asubuhi moja kazi ya msimu mzima, na miaka ya ukame mifugo hufika Kieni kutoka mbali, Laikipia ikiwemo. Ua la matawi ya miiba kuzunguka kila mche ni rahisi na hutosha kwa miaka miwili. Lakini ongeeni pia na wenye mifugo. Mkiwaruhusu kukata nyasi za ukingoni na kuzibeba nyumbani, wakiacha mizizi, wanakuwa na sababu ya kulilinda eneo hilo. Njia ya kufika majini nayo ibaki wazi mahali pamoja palipokubaliwa, la sivyo watajitengenezea njia kumi.

Kikundi kidogo hakihitaji makuu kuanza, lakini usajili unasaidia. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 ndiyo inayotumika, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ya Kieni Mashariki ndiyo ya kwanza kufikiwa. Kwa ukingo wa mto, zungumzeni na chama cha watumiaji maji wa mto Naro Moru, hasa kuhusu mahali na siku ya kuchota wakati mto umeshuka. Ikiwa eneo lenu liko ndani ya msitu wa umma, utaratibu ni mwingine: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inataka mpitie chama cha jamii cha msitu, na kupitia makubaliano hayo wanachama wanaweza kupata haki kama kuokota kuni, kukata nyasi, kuweka mizinga na kuchuma dawa. Vituo vya misitu vya Naro Moru, Gathiuru na Kabaru vitawaeleza ni chama kipi kinahusika na eneo lenu.

Miche itakayokufa hata hivyo msiizibe Machi jua likiwa bado kali. Tieni alama kwenye shimo, wekeni samadi, na msubiri mvua iloweshe udongo hadi kina cha mkono kabla ya kupanda tena. Miche ya mutamaiyu na mutarakwa agizeni kitaluni miezi kadhaa mapema, kwa sababu haikui haraka na huisha kabla ya mikaratusi.