SOMO LA TISA: MWENYE KUULIZA MASWALI

Ndugu msomaji, unajua swali linavyoweza kumtisha mtu mzima. Jibu unalo, lakini mbele ya watu linakimbia.

Huko India kuna chemsha bongo ya televisheni iitwayo Kaun Banega Crorepati. Ilianza mwaka 2000. Mwulizaji ni Amitabh Bachchan, yule mrefu wa sinema za Kihindi. Sauti yake ni nzito, wala haina haraka. Akija mkulima au karani, humpokea kama mgeni wa heshima. Huzungumza naye habari za nyumbani, ndipo amwulize. Hata kompyuta huiita kwa heshima!

Mwaka 2007 nafasi yake ilishikwa na Shah Rukh Khan. Yeye alitania na kukumbatia watu. Mchezo ni ule ule, lakini ladha ilibadilika. Mwaka 2010 Bachchan alirudi. Mwaka 2011 karani mmoja wa Bihar, mwenye mshahara wa rupia 6,000 kwa mwezi, alishinda rupia milioni 50.

Hapa Kakonko niliwahi kumwuliza mwanakisomo mmoja kwa haraka. Alinyamaza, akainama. Nilikaa karibu naye, nikauliza polepole. Akajibu.

Jadilini: Nani aliwahi kukuuliza vizuri? Aliulizaje?